Zita Margwe na mbegu za madebe kumi na moja

Saa tatu na nusu asubuhi jua linachungulia, na Zita Margwe anakimbilia dirishani akiwa ameikumbatia hadubini. Lazima awahi kabla wingu la Mlima Hanang halijaliziba tena. Hadubini hii haina taa. Ina kioo kidogo chini yake, na kioo hicho kinataka jua.

Anageuza kioo, anasogeza jicho, anakaza skrubu.

"Haya," anauambia mzizi wa ngano uliobanwa kati ya vipande viwili vya kioo, "nionyeshe ulipogomea."

Wingu linafunga. Zita anasonya, anakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, anasubiri.

Ana umri wa miaka arobaini na mitatu. Kwa miaka tisa amefanya kazi katika maabara ya shule ya sekondari iliyo jirani na Gitting, wilayani Hanang. Barua yake ya ajira inasema yeye ni mfagiaji. Ndiye anayepima tindikali, anayechanganya rangi na kuandaa masomo ya vitendo ya wanafunzi 160. Shule ina hadubini mbili, na moja ni mbovu tangu mwaka 1984.

"Hata fagio lenyewe nilinunua mimi," anasema.

Kila Februari, Kidato cha Tatu hujifunza jinsi seli inavyogawanyika. Kitabu kinaelekeza mizizi ya kitunguu, lakini vitunguu vya msimu huo havipatikani kwa urahisi. Zita hutumia ngano ya kwake. Anailaza kwenye kitambaa chenye maji kwa siku tatu, anakata ncha za mizizi asubuhi, anazitia kwenye spiriti, anazipasha moto katika tindikali nyepesi, anazitia rangi nyekundu, kisha anaziponda kwa kidole gumba.

Kinachoonekana ni seli zikiwa kazini. Kromosomu zimejipanga katikati. Katika seli nyingine zimevutwa, nusu huku na nusu kule. Katika nyingine ukuta umeshajengwa katikati, na seli moja imekuwa mbili. Nyuzi zinazovuta kromosomu hizo ni nyembamba mno, hadubini ya shule haizioni. Zita anajua zipo kwa sababu anaona kazi zinayoifanya.

Wiki tatu zilizopita, wanafunzi waliinama, wakatazama, wakainuka wamekunja nyuso. Hakukuwa na seli hata moja iliyokuwa imegawanyika.

Mwalimu Urban, anayefundisha biolojia, alihamia shuleni hapo kutoka Songea. Alimwita Zita pembeni.

"Zita, umeharibu rangi."

"Rangi ni ileile ya mwaka jana, Mwalimu."

"Basi tindikali."

"Tindikali nimepima wewe ukiwa umesimama hapo."

"Sasa nini?"

"Seli zimeanza kazi hazikumaliza. Mimi siwezi kuziingia ndani nizisukume."

Mwalimu Urban alicheka, kisha akaandika kwenye daftari la maabara kuwa maandalizi yalikuwa duni. Zita alilisoma neno hilo mara mbili. Jioni hiyo aliomba mbegu kwa jirani yake, mzee Nikolausi, akaziotesha sambamba na zile za nyumbani kwake.

Alihesabu seli mia nne kwa kila upande. Katika mizizi ya Nikolausi, seli 34 zilikuwa zikigawanyika, na kila hatua ilikuwepo. Katika mizizi ya kwake seli 61 zilikuwa zimeanza. Zote zilikwama mahali pamoja, kromosomu zimetapakaa kama maharage yaliyomwagika, hakuna wa kuzivuta. Na ncha ya mzizi, badala ya kuchongoka, ilikuwa imevimba kama kichwa cha kiberiti.

"Nikajua si rangi wala si kidole changu," anasema. "Mbegu imekula kitu."

Kitu hicho alikipata stoo, nyumbani kwake.

Mashamba makubwa ya ngano ya serikali yanapakana na kijiji, na debe tupu kutoka huko ni mali. Lina mfuniko wa kukaza, na panya haliwezi. Msimu uliopita yalitoka madebe kumi na moja yaliyokuwa na dawa ya kuzuia magugu kuota, ile inayonyunyiziwa vitalu vya maharage. Kila kaya iliyopata moja ililisugua kwa majivu na maji ya moto. Harufu ikakataa kutoka.

Hapo wakampelekea Zita. Hakuna anayemshinda kusafisha vibuyu vya maziwa. Huchukua kijinga cha mzeituni wa porini kinachofuka moshi, hukitia ndani, hutikisa, hufunika, hata kibuyu kilichooza kinanukia. Aliyafanyia madebe yote hivyo hivyo, kwa siku mbili. Harufu ya dawa ikaisha. Kaya kumi na moja, yake ikiwemo, zikajaza mbegu.

"Niliua harufu, dawa ikabaki," anasema, na sauti yake inapanda. "Mimi ninayewaambia watoto kila siku wasiamini pua! Chupa mbili zinanuka sawa, moja maji, moja inakuchoma. Halafu nyumbani naamini pua."

Bwana shamba alimsomea karatasi ya debe jipya. Dawa hiyo huzuia seli za mzizi kugawanyika. Mzizi huvimba, haurefuki, mche hufa kabla ya kuona mvua ya pili. Mbegu hizo zisipandwe, zisiliwe, wala mifugo isipewe.

Kupanda kulikuwa kumebaki siku kumi na mbili. Zita alizunguka nyumba kwa nyumba. Kornelia, jirani anayelima ekari mbili na kusomesha watoto wanne, alimpokea mlangoni na hakumkaribisha ndani.

"Si wewe uliyelitia moshi?"

"Ni mimi."

"Ukasema safi."

"Nilisema."

"Leo unasema sumu. Kesho utasema nini, dada? Hiyo hadubini yenu imeanza kukupiga kichwani."

Zita aliomba debe lifunguliwe. Alihesabu punje kumi kutoka debe la Kornelia na kumi za Nikolausi, akazilaza kwenye visahani viwili vyenye kitambaa kibichi, akaviweka dirishani kwa Kornelia. "Siku ya nne angalia mwenyewe," alisema. "Hadubini haihitajiki." Alifanya hivyo katika kila kaya.

Kazi iliyobaki ilikuwa kutafuta mbegu, na mzee Nikolausi alikuwa na magunia manne. Mwaka jana kijiji kizima kilimcheka alipokataa debe na kuendelea na magunia yaliyotobolewa na panya.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kunitilia moshi?"

"Nimekuja kuomba mbegu. Za watu wote."

"Aa! Zile za panya?" Alicheka mpaka akakohoa. "Panya wangu hawajasoma, Zita, lakini walijua pa kula."

Alikubali, kwa sharti moja. Apewe paka mkubwa anayejua kazi, asiwe wa kulialia jikoni. Zita alimpelekea wa kwake.

Kufikia jana, kaya kumi zilikuwa zimebadilisha mbegu. Mwalimu Urban amelikata lile neno kwenye daftari na kuweka sahihi yake pembeni. Radhi hajaomba. Leo Zita anarudia hesabu kwa mara ya tatu, kwa sababu bwana shamba ameomba takwimu na yeye hataki kubahatisha.

Kabla ya saa tano mlango unafunguliwa. Ni Kornelia, amebeba visahani viwili. Kimoja kina mizizi mirefu, myeupe, imesukana. Kingine kina vichwa kumi vya kiberiti. Anaviweka mezani.

"Mzee amebakiza?" anauliza.

"Mbegu zako zipo. Nilikutengea."

Kornelia anavisogeza visahani pembeni. "Na madebe tutafanyaje?"

Zita anavuta droo, anatoa nyundo na msumari wa inchi sita. La kwake ameshalitoboa chini, matundu manane. Alimwomba mtunza stoo wa mashamba ya serikali amruhusu kutoboa kila debe tupu kabla halijatoka getini. Amejibiwa asubiri barua. Anasema Jumamosi atakwenda na nyundo, barua itamkuta huko.

"Na moshi wako?"

"Moshi ubaki kwenye vibuyu vya maziwa," Zita anasema. Jua limerudi. Anainama kwenye hadubini, anaanza kuhesabu upya kutoka moja.