Sweta Mbili za Makete, Julai ya Musoma

Mwaka jana baridi ya Makete ilinikamata magoti tangu Juni hadi Agosti, nikawa natembea kwa kushika ukuta. Binti yangu Neema, muuguzi aliyeolewa Musoma, akanisihi nihamie kwake. Mimi mwalimu mstaafu sihamishwi kirahisi. Nilimwambia nitakwenda kukaa msimu mmoja wa baridi, kisha nitaamua. Ufunguo wa nyumba nilimwachia dada yangu, nikamkataza kabisa kuingiza mpangaji.

Asubuhi ya kuondoka nyasi za uani zilikuwa nyeupe kwa barafu. Nilivaa koti, sweta mbili na soksi za sufu, nikafunga na mablanketi matatu. Niliamini penye ziwa kubwa vile baridi itakuwa ya kuua. Ndani kabisa nilivaa blauzi kuukuu iliyochanika mgongo mzima, maana nani angeiona?

Kesho yake Bunda nilishuka jua likiwa la utosi. Neema na mumewe, Marwa, walinipokea, wakanipitisha Kabasa kwa shangazi yake Marwa tunywe chai. Nyumba ya bati, chai ya moto, na mimi na sufu zangu. Koti nilivua, sweta ya juu nikavua. Ya chini ningevuaje, mkwe ameketi mbele yangu? Nikasema bado nasikia baridi. Jasho lilinichuruzika mpaka kidevuni, na shangazi akaanza kumnong'oneza Neema kwamba mama apelekwe akapimwe malaria.

Musoma, nyumbani kwao Makoko, niliisubiri baridi kama mtu anayesubiri mgeni. Haikuja. Siku moja asubuhi nilimkuta jirani yetu, Mama Nyamisi, amevaa jaketi na kofia ya sufu, mimi nina khanga tu.

"Jifunike, mama," akaniambia. "Mwezi huu hapa kunakuwaga na baridi kali sana."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mablanketi yangu yaligeuka uwanja wa kuchezea mjukuu. Magoti yalilainika, nikawa naenda dukani na kurudi kwa miguu yangu mwenyewe. Nilifurahi kweli.

Ila jioni zilinishinda. Kwetu msimu wa baridi nyumba nzima huzunguka moto jikoni, na habari zote za siku husemewa hapo. Makoko baada ya kula kila mtu aliegemea kiti chake na simu yake. Nani akae karibu na mwenzake wakati kuna joto? Nikaanza kuuwaza ule ufunguo.

Jumamosi tulikwenda Butiama kwa mama yake Marwa. Ng'ombe waliporudi zizini, aliwasha moto wa samadi kavu na kuni, moshi ukatanda. Nilimuuliza mkwe mwenzangu moto wa nini na joto lote hili.

"Wa ng'ombe. Inzi wanawasumbuaga," akasema, akinisogezea kigoda. "Sisi tunakujaga kukaa tu."

Tulikaa. Wakaja majirani, wakaja watoto, hata Marwa akasahau simu ndani. Nilisimulia habari za marehemu mume wangu, nikacheka, nikalia kidogo, nikacheka tena. Sikujua moto unaweza kuwashwa bila baridi.

Jumapili tuliporudi Makoko, jioni ileile niliwasha kuni uani bila sufuria juu yake. Mama Nyamisi akachungulia kuuliza ninapika nini. Nikampa kiti. Kesho yake alikuja na mumewe na dagaa wa kukaanga. Sasa viti havitoshi.

Wiki iliyopita nilitoka nje asubuhi, upepo wa ziwa ukanipiga mabegani. Nikajikunyata, nikamwita Neema aniletee sweta. Alisimama mlangoni, sweta mkononi.

"Mama," akasema, "umeshahamia."

Nikampigia simu dada yangu, nikamwambia mpangaji akipatikana amwingize, ila amwambie kabisa aje na mablanketi yake.