Filamu Mbili za Mama Feza

Kwa miaka kumi na saba Feza alikula kwa kuwachagulia watu filamu. Duka lake la kuazimisha kaseti lilikuwa mtaa wa Kamalondo, chumba kimoja chenye mlango wa bati uliopakwa buluu, na watu hawakuliita jina lingine zaidi ya "ku Feza", yaani kwa Feza. Mteja akiingia, hakumwacha azurure kwenye rafu akigeuza makava. Alimwuliza habari za kazini, za mvua, za mgonjwa aliyemwacha nyumbani, huku mkono wake ukipapasa nyuma bila kutazama. Kisha aliweka kaseti mbili juu ya meza. Mbili, si tatu. Ukimpa mtu moja, huona ameamriwa. Ukimpa tatu, huanza kuogopa atakayoiacha.

Baba yake, mzee Hassani, alikuwa fundi cherehani aliyetoka Kasongo, na kwake Feza alijifunza kumpima mtu kwa macho kabla ya kumgusa kwa utepe. Mumewe, Zakari, alikuwa akienda Mokambo, mpakani, kununua bidhaa za Zambia. Safari za siku mbili zikawa za juma, za juma zikawa za mwezi, mpaka siku moja mwenzake wa biashara akaja kusema, bila kukaa, kwamba Zakari ana nyumba nyingine upande wa pili wa mpaka na mtoto ameshaanza kutembea. Feza alimpa maji ya kunywa, akamshukuru. Kesho yake alifungua duka saa ileile ya siku zote.

Kaseti zilikwenda, zikaja sahani za filamu, zikaja vijiti vya kuchomeka kwenye mashine, na mwisho kila mtu akawa na duka zima ndani ya simu yake. Wateja hawakuaga. Walipungua tu, kama maji ya kisima mwezi wa tisa. Feza alifunga mlango wa buluu, akarudi kwenye cherehani ya baba yake, akashona mashati ya shule barazani. Bintiye wa pekee, Fatouma, alikuwa ameolewa Kalemie. Ndiye aliyemtumia televisheni bapa, pana kama meza, yenye programu iitwayo Tuone. Filamu zote zimo humo, alimwambia mama yake kwenye simu, hutachoka tena.

Alichoka. Kila alasiri, akishamaliza kushona, Feza alishika rimoti na kushuka kwenye safu za picha: za mapenzi, za vita, za kuchekesha, zinazopendwa, zilizoongezwa juzi, ulizokaribia kutazama. Alipanda, akashuka, akaenda kulia mpaka picha zikaanza kufanana. Kidole kikimwuma, alizima na kukaa akiitazama sura yake kwenye kioo cheusi. Yeye, aliyekuwa akimchagulia mtu filamu kabla hajamaliza kukung'uta matope ya viatu.

Jumanne moja ya mwezi wa sita, baridi ikiwa bado haijaondoka uani, mwanamke kijana aliyevaa koti refu alibisha hodi. Alijitambulisha: Syntiche, binti wa Papa Godefroid wa reli. Feza alimkumbuka mzee huyo mara moja. Kila Ijumaa alikuja dukani na mkewe Delphine. Delphine akisema, Godefroid akibeba.

"Mama, mi natumika kazi ku Tuone," Syntiche alisema, akikalia ukingo wa kiti. "Mi njo mwenye kuchora vile bantu banaona ku televizio. Na iko shida. Bantu banafungula, banapanda, banashuka dakika kumi na mbili, kiisha banazima. Habaangalie hata filme moja. Tuliongeza picha, tuliongeza mistari ya filme, bintu binazidi kuharibika. Papa njo ananituma. Anasema, 'Enda ku Mama Feza. Ye hakukuwa ananichelewesha.'"

Feza aliweka kando shati alilokuwa akilitia vifungo.

"Mutoto yangu, hata miye nazima."

Basi akaanza kwenda mjini, siku tatu kwa juma, kwenye ofisi ya ghorofa ya pili iliyotazamana na barabara yenye mijakaranda. Vijana wa pale walimpa kiti karibu na dirisha na chai ya maziwa. Walikuwa wametenga chumba kimoja wakakipamba kama sebule: kochi, zulia, televisheni. Mtu aliyealikwa kujaribu aliketi humo na rimoti, nao wakamtazama kutoka chumba cha pili kupitia kamera ndogo.

Wa kwanza aliyetazamwa na Feza alikuwa muuguzi aitwaye Claudine, ametoka zamu. Claudine alisimama kwenye picha ya filamu ya harusi, akaipita, akazunguka, akairudia, akaipita tena. Mara nne. Kisha akaweka rimoti mapajani na kufumba macho.

"Anachoka na mistari," kijana mmoja alisema. "Tupunguze mistari."

"Hapana," Feza alisema. "Alishachagula toka mara ya kwanza. Anaogopa zile zingine. Mumubakishie mbili tu, mutaona."

Wakubwa wa ofisi hawakupenda. Walikuwa na filamu elfu mbili na ushei. Za nini kuzificha? Lakini Syntiche alimtetea, na kwa majuma matano yeye na Feza walikaa sakafuni wakikata makaratasi, wakiyabandika kwenye kipande cha boksi kikubwa kama skrini, wakiyabandua. Feza hakuwa amekaa na mtu kwa muda mrefu namna hiyo tangu duka lifungwe. Walikula pamoja ugali wa bukari na sombe ya majani ya muhogo ambayo Feza aliibeba kutoka nyumbani, na Syntiche alimwita Mama bila kuongeza jina. Jioni, Feza akirudi, alijikuta akiendelea kumweleza mambo njiani, midomo ikitikisika, na mara moja mwanamke aliyekuwa mbele yake aligeuka akidhani anaitwa.

Walikubaliana hivi: televisheni ikiwashwa, isioneshe picha hata moja. Iulize kwanza swali, kama Feza alivyouliza. *Uko na nani?* Majibu matatu: *Peke yangu. Wawili. Nyumba nzima.* Kisha itoe filamu mbili. Anayetaka elfu mbili atazipata chini, lakini azitafute mwenyewe.

Feza alipewa programu ya majaribio aende nayo nyumbani. Alasiri hiyo aliwasha, swali likatokea kwa herufi kubwa nyeupe. Kidole chake kilikuwa juu ya *Peke yangu*. Kikasogea, kikabonyeza *Wawili*. Alizitazama filamu mbili zilizotokea, akachagua moja, akaitazama mpaka mwisho, na hakutaka kujiuliza kwa nini.

Siku ya jaribio kubwa mtu mmoja hakufika. Syntiche alimpigia simu baba yake, ambaye hakuwa akikaa mbali, aje kujaza nafasi. Papa Godefroid alikuja na kofia yake ya reli, amechana ndevu kama mtu anayekwenda misa. Alikuwa amepungua. Huo ulikuwa mwaka wa pili tangu Delphine afariki. Feza alikuwa ameenda kwenye matanga, akakaa mkekani na akina mama wengine, akaondoka nao.

Walimketisha kwenye kochi. Katika chumba cha pili Syntiche alivuta kiti karibu na skrini, kalamu mkononi. Swali likatokea. Mzee alilisoma, midomo ikifuatisha. Alitazama kulia kwake, mahali patupu pa kochi, halafu akatazama mbele. Kidole kilikaa juu ya jibu la kwanza muda mrefu kiasi kwamba kijana mmoja alidhani mashine imekwama.

Akabonyeza *Wawili*.

Kalamu ya Syntiche ilibaki juu ya karatasi. Huko kwenye sebule ya bandia, filamu mbili zilitokea, na mzee alichagua ile ambayo Delphine angeichagua, Feza aliijua.

"Papa anakaa mwenyewe," Syntiche alisema hatimaye, kwa sauti ya chini. "Kila siku mwenyewe. Juu ya nini anabonyeza vile?"

Walirudi kwenye daftari za majaribio yote yaliyopita. Watu thelathini na mmoja. Waliokuja peke yao walikuwa wengi kuliko wote, na waliobonyeza *Peke yangu* walikuwa wawili tu.

"Kosa ni yangu," Feza alisema. "Niliwadanganya bila kujua. Ku boutique yangu sikukuwa naulizaka muntu ile. Aliyekuja na bibi yake, namuuliza bibi yuko namna gani. Mwenye hana muntu, namuachaka aseme mwenyewe. Na hasemi. Anauliza tu kintu kimoja: 'Mama, hii filme iko murefu?'"

"Na unamujibu nini?"

"Anayeuliza vile anataka ya murefu. Namupatia ya murefu."

Syntiche aliandika, akafuta, akaandika tena. Tone la chozi lilikuwa limeanguka kwenye ukurasa, naye alilifunika kwa kiganja. Feza alitaka kumwambia habari za kidole chake mwenyewe, alasiri ile, nyumbani. Neno lilifika mdomoni. Lakini binti alikuwa ameshainuka kwenda kumpokea baba yake mlangoni, akimshika mkono kama vile hajamwona kwa mwaka mzima, na haikuwa saa ya Feza kusema.

Swali likabadilishwa. Sasa Tuone ikiwashwa inauliza: *Uko na muda gani?* Mfupi, au mrefu. Basi. Ilipotoka kwa watu wote mwezi wa tisa, waliokuwa wakizima bila kutazama walipungua zaidi ya nusu, na wengi walianza filamu kabla ya dakika mbili kwisha. Ofisini kulikuwa na keki na soda. Mkubwa mmoja alitoa hotuba, akasema "Mama Feza" mara tatu, watu wakapiga makofi. Kisha kila mmoja akarudi kwenye meza yake kuanza kazi nyingine, na kiti cha dirishani kikapewa kijana mpya.

Syntiche alihamia kwa baba yake. Feza alizipata habari hizo kwa simu, pamoja na ahadi ya kuja kumtembelea Jumapili, halafu Jumapili nyingine. Hakumlaumu. Mtu mwenye baba aende kwa baba yake.

Kazi moja ilibaki. Kila Jumatatu asubuhi Feza hutuma orodha ya filamu kumi, tano fupi na tano ndefu, ambazo programu itazitoa mbilimbili juma hilo. Huiandaa kwa uangalifu, akiwafikiria watu: muuguzi aliyetoka zamu, mzee mwenye kofia, mwanamke fulani wa mtaa wa Katuba asiyemjua. Hutuma, hungoja na simu mkononi. Baada ya muda hurudi jibu la shukrani: *Merci Mama*, na picha ya ua.

Alasiri, akishakunja mashati, huwasha televisheni na kubonyeza *mrefu*. Filamu mbili hutokea, nazo anazijua, kwa kuwa ni yeye aliyezichagua. Huanzisha moja, huongeza sauti, kisha huacha mlango wazi na kutoka uani kutwanga sombe, mahali ambapo haioni skrini lakini husikia watu wakizungumza ndani ya nyumba.