Saa Iliyovuka Mpaka

Mimi sikulala. Naanza na hilo kwa sababu ndilo nililosingiziwa.

Kazi yangu ilikuwa kuhesabu malori yanayovuka pale Kabanga, kila nusu saa, na kuingiza idadi kwenye simu ya mradi. Saa, simu inajiandikia yenyewe. Nilikaa kwenye benchi, mwanangu mgongoni, vumbi likitupaka sote. Mkataba ulikuwa unaisha, na msimamizi ndiye angesema kama naongezewa.

Akaja kutoka Biharamulo, akafungua kompyuta mgahawani. Programu yake unaipa saa ya kuanza, saa ya kumaliza na nafasi ya nusu saa, nayo inapanga safu zilizolingana, kama mashimo ya mahindi yaliyopimwa kwa kamba. Kisha kila hesabu inadondokea shimo lake. Naijua, nilifundishwa kwenye semina.

"Mama, hapa saa tatu umejaza mara mbili. Saa nne hamna kitu. Ulikuwa umelala? Unanyonyesha?"

"Nanyonyesha huku nahesabu. Titi halizibi macho."

Mama ntilie alicheka hadi akamwaga chai. Msimamizi hakucheka.

Nikamweleza. Hapa mpakani simu ikidaka mnara wa Burundi inarudi nyuma saa moja, kwa kuwa ndivyo saa zao zilivyo. Saa nne yangu inaandikwa saa tatu, ambayo nilishaijaza, na shimo la saa nne linabaki tupu. Hilo hapa Kabanga hata watoto wa shule wanalijua!

"Simu haidanganyi," akasema.

Akafuta zilizojirudia. Mapengo akayajaza kwa wastani. Jedwali likapendeza kweli! Malori niliyoyaona kwa macho yangu yakafutwa, ambayo hayajawahi kuwepo yakapitishwa mpaka.

"Saini hapa kwamba ndizo hesabu zako, nikuongezee mkataba."

Sikusaini. Niliinuka kwa hasira hadi mtoto akaamka analia.

Wiki iliyofuata kwenye benchi alikaa msichana mwingine. Nikamwendea.

"Shikamoo dada," akasema, anaikumbatia simu kama nataka kumnyang'anya.

"Marahaba. Zima saa ya kujirekebisha. Iweke mwenyewe kwa mkono."

"Nimekatazwa kugusa mipangilio."

"Basi jiandae kuitwa mvivu. Na wewe mtoto huna, sijui watakusingizia nini."