Shairi Mlangoni mwa Ukumbi wa Ilford

Mwaka 1998 Placida Ngonyani, mhudumu wa wazee huko Ilford, London, alitaka jambo moja: chama cha Watanzania wa mtaa wake kifanye uchaguzi. Mwenyekiti, Cosmas Haule, alikuwa madarakani mwaka wa saba, na kila aliyeulizia kura aliacha kualikwa. Placida hakuwa na ndugu London. Chama ndicho kilichokuwa ukoo wake.

Jioni moja kila wiki alisoma historia ya Marekani katika chuo cha watu wazima. Huko alikutana na watunzi wa makoloni ya Waingereza, kabla ya Mapinduzi. Walimkejeli gavana na kodi zake kwa beti za kuchekesha, wakazichapa na kuzisambaza mitaani bila jina. Gavana alijua anachekwa. Hakujua amkamate nani.

Placida akatunga beti tano. Jumamosi, siku ya mkutano wa chama, aliwahi ukumbini, akazibandika mlangoni, kisha akaenda kuchemsha chai kama asiyejua lolote. Waliofika walisoma kwa sauti:

*Uchaguzi twasikia, kama mvua jangwani,*
*Mwenyekiti kakalia, kiti hakiachikani.*

"Nani huyu?" Cosmas alifoka. "Mwoga! Si angejitaja?"

"Kajitaja, Mwenyekiti," alisema Jacqueline, rafiki wa Placida, akibana kicheko. "Soma ubeti wa mwisho."

*Kaditama nimekoma, Placida wa Ilifodi.*

Tangu shuleni Songea, Placida hakuwahi kufunga shairi bila kutia jina lake. Mkono ulikuwa umeandika kwa mazoea. Akalitua birika, akatoka jikoni.

Cosmas alivaa miwani, akasoma upya. Naye alikulia kwenye mashairi hayo hayo: mtu akikutungia na kujitaja, humfukuzi. Unamjibu kwa vina vyake, au unakubali umeshindwa.

"Dada Placida, subiri Jumamosi. Utajuta!"

"Nasubiri, kaka. Vina tu usivikimbie."

Jumamosi iliyofuata Cosmas alileta beti tano zake. Nne zilidai kuwa chai ya Placida ni maji yaliyooshewa vikombe, na aliyecheka kupita wote ni Placida mwenyewe. Ubeti wa tano ulitaja siku ya uchaguzi, ukamalizika kwa jina lake.

Siku hiyo Cosmas alishindwa kwa kura chache. Placida akachaguliwa katibu. Kabla mwezi haujaisha, mlangoni palibandikwa shairi jipya, la kumkejeli katibu anayechelewesha mikutano. Placida alianzia kulisoma chini, kwenye jina, kisha akaenda kutafuta kalamu.