Mikono ya Muuguzi wa Asubuhi

Muuguzi wa zamu ya asubuhi ana mikono mifupi, minene, na kucha zilizokatwa hadi nyamani. Kila akiingia huisugua mpaka ipate joto, kisha huipenyeza kwenye kidirisha cha kisanduku cha joto alimolazwa mwanangu aliyezaliwa kabla ya wakati. "Haya mzee, umeamkaje?" humwuliza, na mtoto hutulia tuli. Mimi niliyembeba tumboni nilikuwa mtazamaji tu, nikimwonea wivu. Siku ya nne tangu mtoto azaliwe, muuguzi aliukatiza utani wake. "Daktari, kifua upande wa kushoto hakipandi!" Pafu lilikuwa limesinyaa. Daktari alipoingiza mpira wa kutoa hewa iliyolibana, muuguzi alikituliza kichwa cha mwanangu kwa kiganja kimoja. Kidole cha mkono wa pili mtoto alikuwa amekishika. Nilimshukuru, na papo hapo nikamchukia kwa kidole kile. Jana mpira ulitolewa, muuguzi akaniwekea mwanangu kifuani. Mtoto akaangua kilio. Muuguzi akanyoosha mkono, akausitisha, akauficha mfukoni. "Mwimbie, mama," akasema. Niliimba kwa sauti ya kukwaruza, na mtoto akanyamaza. Nilipoinua macho nilimkuta bado amesimama pale, anatutazama, naye ananionea wivu.