Msusi wa Mangobo na Mji wa Watoto Wasio na Majina

Générose alisuka nywele katika saluni moja ya mtaa wa Mangobo huku akisimulia riwaya ya vijana aliyoisoma: mji ambamo watoto huwindwa ili wafutwe majina. Siku hiyo Mama Annette, mwenye saluni, alimshika mkono kwa hasira.

"Bon, watu wanajaza benchi kwa uongo wako, hawasuki. Beba kitana yako, utoke."

Asha, mteja aliyesukwa nusu kichwa, akasimama. "Akitoka, natoka naye hivi hivi. Barabarani nitasema hii kichwa iko kazi yako, Mama."

Mama Annette alimkata jicho Asha, akamgeukia Générose. "Alors, umalizie hii kichwa, kisha unaenda."

Générose aliketi, akagawa nywele zilizobaki vipande vyembamba kama uzi, ili kichwa kile kisiishe leo. Akaendelea kusimulia.