Daftari la Hakiki

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho tu. Kazini wote walimwita Hakiki, maana neno hilo halikumtoka mdomoni. Ukimwambia nje kuna mvua, anasema tuhakiki kwanza, kisha anatoa mkono dirishani. Ukimletea chai, anaichungulia. Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Mume wake, fundi cherehani mwenye subira ya kupitiliza, akiaga kwamba anakwenda kwa kinyozi, alijua kabisa kuwa akirudi atakaguliwa kisogo. Mama mkwe aliyeishi nao, na aliyempenda kwa dhati, alishamwambia mbele ya watoto, "Mwanangu, wewe hata ukipewa pole unauliza ya nini."

Hakiki alicheka pamoja nao, halafu akaenda jikoni kuangalia kama mtungi wa gesi umefungwa. Ulikuwa umefungwa. Akaufungua, akaufunga tena kwa mkono wake mwenyewe.

Tusimwonee lakini. Kazi yenyewe ilimtaka awe hivyo. Ofisi yao ilikuwa ghorofa ya tatu, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na ilihudumia mifumo ya kompyuta ya hospitali. Programu za siku hizi hazikai tena zote kwenye mashine moja kubwa. Kila moja hufungashwa na mahitaji yake yote ndani ya kisanduku ambacho mafundi hukiita kontena, ingawa hakishikiki kwa mkono. Makontena mamia kwa mamia hukusanywa mahali pamoja, na mkusanyiko huo ndio klasta. Kila kontena hupewa anwani yake, namba nne zenye nukta katikati, ili wenzake wajue pa kulipata. Na barabara za kwenda kwenye anwani hizo hazina waya wa kuugusa. Ni mtandao pepe, umeandikwa tu kwenye faili. Aliyekosea kuandika amewapoteza wote, na watakaopotea hawatajua kwamba wamepotea.

Klasta zilikuwa mbili, na zote mbili zilianzishwa na Hakiki. Ya kwanza aliijenga miaka minne nyuma, kwenye chumba cha chini cha hospitali kuu. Ya pili ilifuata baada ya miaka miwili, kwenye jengo jipya la wodi ya wazazi, upande wa pili wa mji. Kila aliyezigusa aliandikwa kwenye daftari jekundu la jalada gumu: nani, saa ngapi, kafanya nini. Mashine zilikuwa na kumbukumbu zao, ndiyo, ila Hakiki hakuziamini. Alisema kumbukumbu za mashine hufutika, wino wake haufutiki. Daftari hilo lililala kwenye droo, droo ikafungwa kwa ufunguo, na ufunguo ukakaa kwenye mkoba aliokwenda nao hata chooni.

Ndipo akaja Mwalimu.

Aliitwa hivyo kwa kuwa alikuwa amefundisha hesabu miaka ishirini na miwili kabla shule yake haijafungwa. Akajifunza kompyuta ukubwani, akaomba kazi huku na kule, na akiwa na miaka arobaini na minane akachukuliwa kwa majaribio ya miezi mitatu. Kila mtu ofisini alijua kwamba akitolewa hapo, hakuna tena wa kumpokea. Alikuwa mpole, mzito wa kusema, na ukimwambia jambo aliliamini papo hapo. Hakiki hakuipenda hali hiyo hata kidogo. Mtu mzima anayeamini kila kitu, alijiambia, ana lake jambo.

Wiki ya kwanza tu, Mwalimu alisogeza kiti akauliza, "Dada, hizi anwani za klasta ya pili, ulizipangaje?"

"Zimepangwa," Hakiki akajibu, akageuza kioo cha kompyuta yake ukutani.

Anataka kujua ya nini? Huo ukawa mwanzo. Kuanzia siku hiyo alimtolea macho. Akaona kwamba kila akipita nyuma ya Mwalimu, Mwalimu hubadilisha haraka kilichopo kwenye kioo. Akaona ana kijitabu anachochorachora miraba na mishale. Mara mbili akapata ujumbe wake wenye kichwa: "Naomba tuonane kuhusu anwani." Hakuufungua hata mmoja. Aliona hilo ni chambo, na yeye si samaki.

Mwezi wa tatu ikaja kazi ya kuziunganisha klasta hizo mbili. Wauguzi wa wodi ya wazazi walikuwa wamechoka kupiga simu hospitali kuu kuuliza kundi la damu la kila mgonjwa. Walitaka kubonyeza na kuona. Hakiki akachimba handaki, ndivyo mafundi wanavyoiita njia iliyofichwa kati ya mtandao mmoja na mwingine. Jumatano asubuhi akalifungua. Ncha hii ikaiona ncha ile, taa zote kijani. Akaandika saa kwenye daftari, akapumua.

Kabla ya adhuhuri simu ikalia. Alikuwa muuguzi mkuu wa wodi ya wazazi.

"Nyie watu wa kompyuta mnanitania? Nimeuliza kundi la damu la mgonjwa, kioo kinaniambia, 'Habari, mimi ni jaribio.' Sasa huyo jaribio nimfanyeje, nimlaze kitandani?"

"Na mgonjwa yuko salama?" Hakiki akauliza.

"Yuko salama, tumempima wenyewe kama zamani. Ila msinifanyie mchezo na damu za watu."

Hakiki akalifunga handaki mara moja, akakaa kufuatilia. Swali la muuguzi lilitakiwa lifike 10.244.3.17, anwani ya kontena la kumbukumbu za damu huko hospitali kuu. Jibu lilikuwa limetoka anwani hiyo hiyo, lakini aliyejibu hakuwa kontena la damu. Ilikuwa programu ndogo ya majaribio. Akalifungua daftari, kidole kikashuka kwenye mistari, na hapo akaikuta kwa mwandiko wake mwenyewe: Jumatatu, saa tano, Mwalimu ameweka kontena la jaribio, klasta ya pili.

Moyoni, tuseme ukweli, mlikuwa na raha kidogo. Miezi mitatu alikuwa ananusa, sasa kapata. Huyu mtu amejipachika njiani, anakinga maswali ya wagonjwa, na salamu ile ilimponyoka kwa uzembe! Hakumuuliza mwenyewe, wala hakumwambia mtu. Jioni hiyo hiyo alimwandikia Bosi barua ya kurasa mbili, akamtaja Mwalimu kwa jina lake kamili, akaandika neno "makusudi" mara tatu.

Alhamisi asubuhi, wakinywa chai, akawasimulia nyumbani.

"Umemuuliza?" mume wake akasema, sindano ikiwa imechomekwa kwenye kola kama kawaida yake.

"Mwizi huwa unamuuliza kama kaiba?"

"Haya, na asiye mwizi anaulizwa na nani?" mama mkwe akadakia, bila kuinua macho kwenye kikombe.

Hakiki alikasirika mpaka akasahau kukagua mtungi wa gesi, jambo ambalo watoto walilizungumzia siku nzima.

Ijumaa ilikuwa ndiyo siku ya mwisho ya majaribio ya Mwalimu. Bosi, mama mmoja asiyependa maneno mengi, alimwita Hakiki asubuhi. "Nimeisoma barua yako. Ni nzito. Kikao saa tisa, na yeye atakuwepo. Niletee ushahidi uliokamilika, nisije nikamfukuza mtu kwa kudhani."

Hakiki akaona kaombwa jambo dogo. Saa sita akafunga mlango wa chumba cha seva, akaanza kuukusanya. Alitaka kuonyesha swali la muuguzi likitoka wodini, likipita handakini, na mahali hasa Mwalimu alipolidaka. Akalifungua handaki kwa dakika chache, akatuma swali la kujaribu, akaweka mtego wa kunasa kila kinachoingia handakini kwenye ncha ya wodini. Swali halikupita. Akatuma jingine. Halikupita. Majibu yalikuja, habari mimi ni jaribio, habari mimi ni jaribio, lakini ndani ya handaki hapakuwa na kitu.

Akakuna kichwa. Mtu hawezi kudaka njiani kitu ambacho hakikuwahi kutoka nyumbani.

Akaifungua orodha ya njia ya klasta ya pili. Mstari wa kwanza ulisema anwani zote zinazoanza na 10.244 ni za humu humu ndani. Akaifungua ya klasta ya kwanza. Ilisema hivyo hivyo. Akazisoma kwa kidole, tarakimu moja moja. Klasta mbili, moja upande huu wa mji na nyingine upande ule, na zote zilikuwa zimegawiwa anwani zile zile tangu siku ya kuzaliwa. Wodi ilipouliza 10.244.3.17, mtandao wake haukuona sababu ya kutoka nje. Ulikuwa na 10.244.3.17 yake. Kontena la Mwalimu lilipewa anwani hiyo na mashine Jumatatu, kwa kuwa ilikuwa wazi, na likafanya kazi moja tu liliyofundishwa, kusalimia kila anayebisha hodi.

Nani aliyezipanga? Alikwishajua, ila mkono ulikwenda wenyewe kwenye daftari. Ukurasa wa kwanza, miaka minne nyuma: "Anwani za makontena, 10.244. Acha zilivyokuja na programu." Kurasa nyingi mbele, mwandiko ule ule: "Klasta ya pili. Nimenakili faili la klasta ya kwanza. Sijabadilisha kitu. Safi." Kila mtu aliyezigusa klasta hizo alikuwa amehakikiwa na Hakiki. Kazi ya Hakiki haikuhakikiwa na mtu.

Akakumbuka zile jumbe mbili. Akazifungua sasa, amechelewa wiki sita. Mwalimu alikuwa ameandika kwa adabu ya barua za zamani: "Dada yangu, samahani kwa usumbufu. Nimechora anwani za klasta zote mbili na naona kama zinafanana. Pengine sijaelewa. Naomba unifundishe." Chini yake kulikuwa na picha ya miraba na mishale.

Hakiki aliona haya ambayo hajawahi kuyaona tangu utotoni. Na hata hapo, wacha niwaambie, shetani wake wa zamani alimnong'oneza: ukibadilisha anwani kimya kimya nani atajua? Barua imeshakwenda, Mwalimu hana mtetezi, daftari ni lako na ufunguo ni wako. Alikaa na wazo hilo muda mrefu kuliko alivyokuja kumwambia mume wake. Alipotazama saa, ilikuwa tisa na dakika kumi.

Alikuta wamekwishaanza. Mwalimu alikuwa amevaa koti lililopigwa pasi na tai, maana alidhani ameitwa kupewa barua ya ajira. Mbele yake zilikuwa zile kurasa mbili, na alikuwa amefika mwisho wa ya pili.

"Bosi, ile barua ni batili," Hakiki akasema akiwa bado amesimama. "Kosa ni langu." Akaliweka daftari jekundu mezani, akafungua ukurasa wa kwanza, kisha ule mwingine. Daftari lile lilikuwa halijawahi kusomwa na mtu zaidi yake. Akaeleza yote.

Bosi alisoma, akavua miwani. "Alikuuliza habari za anwani?"

"Aliniuliza."

"Wiki ya kwanza," Mwalimu akasema taratibu. "Halafu nikakuandikia, dada. Mara mbili."

"Sikuzisoma. Nilidhani unanichimba." Kisha akaongeza, "Na ulikuwa unaficha kioo chako kila nikipita."

Mwalimu alitazama tai yake. "Nilikuwa nasoma masomo ya wanaoanza. Sikutaka mnione."

Bosi alizichana zile kurasa mbili, akatoa barua ya ajira kwenye faili, akaitia sahihi mbele yao. Hakiki akapewa onyo la maandishi, akalipokea kwa mikono miwili. Alimwomba Mwalimu radhi, Mwalimu akasema yameisha. Alisema hivyo akiwa anakunja barua yake vizuri ili iingie mfukoni, na hakumtazama.

Jumatatu wakakaa pamoja kubadilisha anwani za klasta ya pili. Wodi ya wazazi ilikubali kutumia karatasi kwa asubuhi hiyo. Hakiki alikuwa amekuja mapema, akamwekea kiti karibu, akakigeuza kioo chake ili kionekane vizuri. Alitaka kumwonyesha kila kitu. Usiku kucha alikuwa amejiambia kwamba atakuwa mtu mwingine.

Akaandika 10.245 mahali palipokuwa na 10.244, akabonyeza.

"Subiri," Mwalimu akasema.

Akafungua mkoba wake, akatoa daftari jipya la jalada gumu, la buluu. Akaangalia saa ya ukutani, kisha ya mkononi. "Saa nne na dakika kumi," akasoma kwa sauti huku akiandika, kama mtu anayeandika ubaoni. "Hakiki. Klasta ya pili. Amebadilisha anwani." Akaligeuza daftari, akamsogezea kalamu. "Weka sahihi hapo, dada."

Roho ilimuuma Hakiki kuliko lile onyo. Ofisi nzima, huyu ndiye alikuwa mtu pekee aliyeamini anachoambiwa. Akaichukua kalamu, akatia sahihi. Mwalimu akalivuta daftari karibu, akaisoma sahihi mara mbili, ndipo akalifunga na kulitia mkobani.